Kabla ya Kuchagua Harusi, Uliza Nani Hana Kiti

Wanaokuja kwangu siku hizi huja na picha kwenye simu. Hema jeupe, taa ndogo ndogo zinazoning'inia, bibi harusi akishuka ngazi ambazo hazitoki popote. "Anti, tunataka kama hii," wananiambia. Navaa miwani na kuitazama vizuri, maana hata mimi napenda kitu kizuri. Kisha nauliza swali langu, nao wanatazamana.

Nimeacha kazi ya kupamba harusi. Mgongo ndio ulioamua. Mahema, vitambaa na viti nimemwachia mama mmoja wa Runyenjes, na ninasikia anavitunza. Lakini watu bado wanabisha mlango wangu hapa mtaa wa Dallas, Embu. Tufanye ya kanisa au ya mila? Ya bustani au ya ofisini? Nimeona niwaandikie nyinyi vijana, mnaotaka kuoana na mnaotaka kuishi kwa kupamba harusi za wenzenu, kwa sababu nikisema mdomoni huwa narukaruka. Nitarukaruka hapa pia, lakini angalau mtaweza kurudi nyuma mkasoma tena.

Shule niliacha darasa la sita, kwetu Kianjai. Si kwamba nilifukuzwa. Nilitaka tu kujua barabara ya mbele ya duka la baba ilikuwa inaishia wapi. Nimeuza ndizi, nimeshona vifungo kwa fundi wa nguo, nimechuma chai, nimefagia kwa kinyozi. Kila kazi nilikaa nayo mpaka nikaielewa, kisha nikahama. Mapambo ndiyo peke yake yaliyonishika, nadhani kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa inahama. Jumamosi moja uko kwenye baridi ya Timau unapuliza vidole, Jumamosi ijayo uko kwenye vumbi la Mbeere, na kote huko watu wanakufungulia nyumba zao ukaone mpaka jikoni.

Aliyenifundisha aliitwa Karimi, mwanamke mrefu wa Meru mjini, ambaye sikuwahi kumwona bila kilemba. Nilikutana naye nikiwa nimeajiriwa kuosha sahani kwenye harusi aliyoipamba. Nikaacha sufuria na kwenda kumuuliza mbona anafunga mafundo badala ya kutumia pini.

"Wewe umeletwa hapa kuosha au kuuliza?"

"Vyote viwili."

Akanitazama, mikono yangu ikidondosha povu. "Jipanguse. Shika hapa."

Ndivyo nilivyoingia. Alinifundisha kutia kitambaa wanga mwepesi ili kisimame bila kukakamaa. Alinifundisha kwamba mdomo wa hema hautazamani na upepo, hata kama mwenye boma anataka wageni waone mlima. Kwamba kanisani hupigi msumari wala pini, unafunga kwa utepe, na unaondoka ukiwa umefagia. Kwamba maua ya milimani Meru yatakaa siku nzima, lakini ukiyapeleka kwenye joto la Kiambere yatakuwa yamelala kabla ya maombi ya kufungua. Huko chini peleka mabua ya mtama, vibuyu na viondo, vile vikapu vya kusuka. Na usipeleke kitambaa cheupe. Mimi nilipeleka mara moja, na kufikia saa sita kilikuwa na rangi ya barabara. Wageni walidhani ndiyo mtindo.

Lakini kabla ya hayo yote alikuwa na swali. Akiitwa mahali, hakuanza kupima uwanja. Alikaa na wenye harusi na kuwauliza, "Siku hiyo, nani hatakuwa na kiti?"

Mwanzoni nilidhani anahesabu viti. Nikamwambia, "Si tutakodisha vingine?"

"Viti vinakodishwa," akasema. "Mimi nauliza mtu."

Ilinichukua muda kumwelewa. Kila aina ya harusi inamkalisha mtu fulani na kumsimamisha mwingine. Ya bustani inawakalisha marafiki na wakubwa wa kazini, halafu unamkuta shangazi aliyelea bwana harusi nyuma ya jiko, kwa sababu hana kadi. Ya mila inawakalisha wazee, na mara nyingine wanaooana wenyewe wanakaa kando kama mizigo inayosubiri gari. Ya kanisa ina watu wake ambao haiwakalishi, na nitawafikia.

Ya ofisini msiidharau. Kuna walimu wawili walioniita niwaletee shada moja tu la maua kwa msajili wa ndoa. Shahidi wao mmoja akachelewa. Afisa akaangalia saa, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama na maua. "Mama, una kitambulisho?" Ndivyo nilivyokuwa shahidi wa ndoa ya watu nisiojua majina yao ya pili. Hakukuwa na spika wala emsii, na kwa mara ya kwanza nilisikia kila neno la kiapo. Bwana harusi alilia mpaka afisa akamsogezea kikombe chake cha maji. Nje ya mlango bibi harusi akampigia mama yake simu. Nikasikia sauti ya mama ikiuliza, "Mbona kuna kelele za magari? Uko wapi?" Nikatangulia mbele ili nisisikie jibu. Sisemi walikosea. Nasema kiti kilichokosekana kilikuwa cha mama huyo.

Na kwa kuwa nimetaja makosa, hata Karimi alikosea. Tulikuwa Tigania, kwenye ruracio, siku ya kupeleka mahari. Kwetu Meru mazungumzo hayo hayaendi bila asali. Karimi akaweka chombo cha asali katikati ya meza kuu, akakizungushia maua mabichi, ikapendeza sana. Nyuki wa kijiji kizima nao wakaona imependeza. Emsii akashika kipaza sauti: "Wageni waheshimiwa, naomba mtulie, hakuna haja ya kukim—" na hatukumwona tena mpaka wakati wa chakula. Mzee mmoja tu wa upande wa msichana hakuondoka kitini. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Waacheni wamalize," akasema. "Hata hao wamealikwa." Tangu siku hiyo asali inafunikwa, na maua yanakaa mbali nayo. Andikeni hiyo.

Sasa niwaambie kuhusu Wanja, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na ndipo nilipolielewa swali la Karimi mpaka mwisho wake.

Wanja ni muuguzi hapa Embu, mtoto wa Kiambere. Mchumba wake Mwiti ni kijana wa Kianjai, anauza vipuri vya pikipiki, mpole sana. Walikuja na picha yao: ibada kanisani Embu, kisha bustani, rangi ya krimu na kijani. Nikawauliza nani hatakuwa na kiti.

"Kila mtu atakuwa nacho, Anti," Wanja akasema. "Tumehesabu mpaka watoto."

Basi tukaanza na ruracio nyumbani kwao Kiambere. Nilifunga hema dogo mbele ya nyumba ya baba yake, mzee Njeru. Wazee wa Kianjai wakafika na mbuzi wao na asali yao, imefunikwa, maana nilishawaonya. Salamu zikaisha. Njeru akanyoosha mikono kupokea asali.

Hapo akasimama mzee Ireri, kaka mkubwa wa mama yake Wanja. Hakupaza sauti.

"Njeru, kabla hujapokea, nisaidie kidogo. Huyu msichana ni wa nani?"

"Ireri, si unajua ni wangu."

"Sawa. Na mama yake ni wa nani?"

Mikono ya Njeru ilibaki pale hewani, haina kitu.

Wengine wenu hamjui, kwa hivyo nieleze. Njeru na mama Wanja, ambaye jina lake ni Rwamba, walianza maisha kwa njoo tukae. Alimchukua kwao mwaka wa kiangazi, akasema mvua ikinyesha atapeleka wazee kwa kina Ireri. Mvua ikanyesha. Ikanyesha tena. Watoto wakazaliwa na kusoma, na hakuna mbuzi aliyewahi kuvuka korongo kwenda kwa Ireri. Na huku kwetu, mwanamume ambaye hajapeleka ruracio ya mke wake hapokei ya binti yake. Kila mtu anaijua kanuni hiyo, na kila mtu anajifanya ameisahau mpaka siku asali inapofika.

Mkubwa wa wazee wa Kianjai akavaa kofia yake. Alikuwa na adabu, na hilo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. "Sisi tutarudi," akasema, "mkishapatana tunaoa katika nyumba ya nani." Wakarudisha asali kwenye gari. Nikabaki nafungua vitambaa ambavyo hakuna aliyekaa chini yake.

Juma lililofuata Wanja na Mwiti walikuja kwangu. Macho ya Wanja yalikuwa yamevimba.

"Anti, tunafanya ya ofisi. Tumalize."

"Au kanisa peke yake," Mwiti akasema polepole. "Bila mila. Baba yake pia anasema hivyo ndivyo vyema."

"Baba yako angesema hivyo," nikamwambia Wanja. "Na nani hatakuwa na—"

"Hilo swali lako limenichosha!" Akasimama, akakaa tena. "Pole, Anti. Lakini kweli limenichosha."

Nikawapa chai. Sikuwaambia wachague nini. Nyinyi mtakaofanya kazi hii, shikeni hilo: mtu akiwa na hasira, usimchagulie rangi wala harusi. Niliwaambia tu kwamba nilisahau kamba zangu Kiambere na lazima nizifuate.

Rwamba nilimkuta ameketi kwenye gunia, anapepeta ndengu.

"Kamba zako ziko pale," akaniambia baada ya salamu. "Ni mbili. Umetoka Embu kwa sababu ya kamba mbili?"

"Nimekuja kuuliza."

"Hapo sasa umesema ukweli. Kaa."

Tukapepeta pamoja. Ni mwanamke mwembamba, anayecheka kabla ya kusema jambo linalouma. Nilimuuliza ni harusi gani angependa Wanja afanye.

"Unajua kazi yangu kanisani?" akasema. "Ninashika mikoba."

"Mikoba gani?"

"Siku ya Meza ya Bwana. Wanawake wa benchi letu wakiinuka kwenda mbele, wananiachia mikoba. Mimi siendi, si nimekaa tu na mwanamume bila ndoa? Kwa hivyo ninashika. Wananiamini sana, Mama Mapambo. Miaka yote hiyo haijapotea hata peremende." Akacheka. "Wanja alipopata kipaimara alikuwa na kimkoba chekundu, nilimshonea mwenyewe. Jumapili hiyo akainuka na wenzake, akaniwekea mapajani. Hakujua. Mtoto angejuaje?"

Akarusha ndengu mbovu kwa kuku.

"Wakifanya ya kanisa, watashiriki Meza siku hiyo. Watu wa Kianjai wote wataona mama wa bibi harusi amebaki nyuma na mikoba kama duka. Wakifanya ya ofisi, hakuna atakayeona kitu. Basi ofisi ni nzuri."

"Na ungeulizwa wewe? Si ya Wanja. Yako."

"Yangu!" Akanipiga begani na ungo. "Kwenda huko." Lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama, "Wa kuniuliza ni Ireri. Na hawezi kuniuliza bila uji, na uji haupikwi mpaka mbuzi avuke korongo."

Hilo mtalielewa mkiona mila yao. Siku mwanamume anapoleta watu wake, kaka au baba wa mwanamke hujaza kibuyu. Zamani kilikuwa na pombe, na kwa Wakristo siku hizi ni uji wa uwele. Anamuuliza mwanamke mbele ya wote, tunywe au tusinywe? Mpaka yeye aonje kwanza na kumrudishia aliyemuuliza, hakuna anayeweka mdomo. Nimepamba harusi nyingi za watu wakubwa, na sijaona kitu cha kupita hicho. Rwamba alikuwa amezaa na kulea na kuzeeka bila mtu yeyote kumuuliza.

Niliporudi Embu nilimwambia Wanja jambo moja tu, la mikoba. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sare yake ya kazi.

"Hata kile chekundu?" akauliza.

"Hata kile."

Alienda kwao mwisho wa juma hilohilo, hakumtuma mtu. Alinisimulia baadaye. Baba yake alikataa kwanza. "Nitaonekanaje, mzee mzima, nikivuta mbuzi njiani kama kijana?"

"Utaonekana umechelewa, Baba," Wanja akamjibu. "Lakini utaonekana umefika."

Bado kulikuwa na mama Mwiti, kule Kianjai. Huyo alikuwa ameshatangaza bustani kwa kikundi chake chote cha akina mama. Mwiti aliogopa kumwambia, kwa hivyo nikapiga simu mimi, mtu wa kwao. Nikamweleza kwamba wazazi wa Wanja wataoana kwanza kimila Kiambere. Kisha kanisani Embu ibada itakuwa moja, wazazi wabarikiwe, halafu watoto wafunge ndoa. Bustani itaondoka, tutakula kwenye uwanja wa kanisa.

"Kwa hivyo harusi ya mtoto wangu inangoja wakwe waoane?"

"Ndiyo, dada."

Nikasikia akivuta kiti na kukaa.

"Na huyo mama," akasema, "atavaa nini?"

Hapo nikajua tumepona.

Siku ya Kiambere nilifunga kitambaa cha rangi ya udongo, mabua ya mtama na viondo vya Rwamba mwenyewe. Njeru alitokea ng'ambo ya korongo na wazee wenzake, amevaa suti, anavuta mbuzi dume aliyekataa kutembea. Wanawake wa kwa Ireri wakamwona kutoka mbali.

"Njeru, mbuzi amekuuliza ulikuwa wapi!"

"Msukumeni huyo mzee! Mbuzi tutamngoja!"

Alifika akihema. Ireri akajaza kibuyu, akamsimamisha dada yake mbele ya watu.

"Rwamba. Huyu mtu ameleta watu wake. Tunywe, au tusinywe?"

Rwamba akakitazama kibuyu.

"Rwamba?"

"Uliza tena."

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Nataka kusikia tena."

Watu wakacheka. Ireri akauliza mara ya pili, na Rwamba akakaa kimya muda mrefu zaidi, na kicheko kikaisha chenyewe. Njeru jasho lilikuwa linamshuka mpaka kwenye kola. Nilimtazama Wanja, alikuwa ameshika mkono wa Mwiti kwa mikono yote miwili. Hakuna mtu pale aliyekuwa na uhakika. Mwanamke anaweza kukataa. Ndiyo maana anaulizwa.

"Njeru," Rwamba akasema, "mvua ilinyesha?"

Mzee akatazama chini.

"Ilinyesha, Mama Wanja. Ilinyesha, na mimi nilikuwa nimelala."

Rwamba akamtazama bado kidogo. Kisha akachukua kibuyu, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja na kumpa kaka yake.

"Kunyweni," akasema. "Uji umekuwa baridi."

Wazee wa Kianjai walirudi na asali yao muda mfupi baadaye, na safari hii mikono ya Njeru haikubaki hewani.

Harusi ya kanisani sitawaeleza yote. Krimu na kijani, kama alivyotaka Wanja. Rwamba alivaa gauni la kijani ambalo mama Mwiti alilishonesha Meru na kulileta mwenyewe, amelikunja mapajani njia nzima. Wazazi wakabarikiwa kwanza, kwa ufupi, Njeru akijibu kwa sauti kubwa kuliko alivyoulizwa. Kisha watoto wakafunga ndoa yao.

Ninyi mtakaopamba, jueni kwamba mpambaji hakai. Miaka yote hiyo sikuwahi kukaa kwenye harusi, huwa nimesimama karibu na nguzo nikikaza utepe usiohitaji kukazwa. Nilikuwa hapo wakati kasisi alipowaalika watu kwenye Meza ya Bwana. Benchi la mbele likainuka. Mwanamke mmoja wa Kiambere akanyoosha mkoba wake kwa Rwamba, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka na kuurudisha haraka kifuani.

Rwamba alikuwa amesimama. Akageuka huku na huku na mkoba wake, kama mtu ambaye hajui unaachwaje. Akaniona.

"Wewe wa kamba," akanong'ona. "Njoo ushike."

Nikakaa kwenye kiti chake. Akaniwekea mkoba mapajani, yule mwanamke akaongeza wake, Wanja akapita na kuniachia maua. Nikawatazama wakienda mbele, Njeru, Rwamba, na watoto nyuma yao. Mimi ambaye sijawahi kuchagua harusi yoyote kwa ajili yangu, nilikumbatia vile vitu vyote nikiogopa hata kukohoa.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Nikataka kuinuka nimpishe.

"Sogea tu," akasema, akakaa kando yangu na kuchukua mkoba wake. Kisha akauinamia, akaufungua kidogo, akachungulia ndani.

"Haijapotea hata peremende?"

"Hata moja," nikamwambia.